Siku sita Bastar (Chhattisgarh, India) na mama wa miaka 68: Oktoba ya sikukuu au Novemba ya mapango?

Bi_Tabu (Tanga)

Habari za humu wadau. Naomba msaada kwa wanaoijua Chhattisgarh, hasa upande wa kusini, Bastar. Tutaingia India kwa Mumbai, na baada ya hapo tuna siku sita kamili za kutembea. Tunaweza kwenda wakati wowote kati ya tarehe 15 Oktoba na 25 Novemba 2026. Tuko wawili, mimi na mama. Mama ana miaka 68, kwenye tambarare anatembea vizuri tu, ila ngazi nyingi magoti yanakataa.

Tunavyovitaka: maporomoko ya Chitrakote na Tirathgarh, pango la Kutumsar, sikukuu ya Dussehra ya Bastar, na mafundi wa sanamu za shaba. Chui milia hatuna haja naye. Maswali yangu: twende tarehe gani, tupite njia ipi, mama ataweza nini, na habari za waasi wa msituni zimefikia wapi? Kila ukurasa wa matangazo unasema "mwaka mzima ni pazuri", nami siamini.

---

kisauni254 (Mombasa)

Dada Tabu, una haki ya kutoamini. Hivyo vyote huvipati kwa safari moja, kalenda haikubali. Mwaka 2026 Dussehra ni tarehe 20 Oktoba. Pango la Kutumsar hufungwa mvua zinapoanza mwezi Juni, kwa kawaida hadi mwisho wa Oktoba, kwa sababu maji huingia ndani na kuacha tope. Ukifuata sikukuu pango linakukosa, ukifuata pango unakuta sikukuu imeisha. Kwa kuwa unasafiri na mama mwenye magoti, uamuzi ni rahisi: chagua sikukuu. Kutumsar huingiwa kwa mlango mwembamba na ngazi za chuma zinazoteremka kwa mwinuko mkali. Ndani ni joto, hewa nzito, sakafu inateleza, na mwanga ni wa taa ya kiongozi tu. Si mahali pa mama hata likiwa wazi. Wanaoliweza hukuta nguzo za chokaa zilizojengwa na matone ya maji, na samaki wadogo waliopoteza macho kwa kuishi gizani. Huruhusiwi kuingia bila kiongozi wa hifadhi.

Sasa maji. Chitrakote ni mto Indravati wote unaanguka kwa mpigo, kama mita 29 kwenda chini, kilomita 38 hivi magharibi ya Jagdalpur, mji mkuu wa Bastar ambako sikukuu hufanyika. Upana ndio unaobadilika. Julai hadi Septemba mto hufunika ukingo wote, karibu mita 300, lakini maji ni kahawia kwa udongo na mashua za chini husimamishwa. Oktoba udongo umeanza kutulia, maji bado ni mengi, na mashua hurudi mto ukishuka. Kufika Machi au Aprili utakuta michirizi michache kwenye mwamba mkavu, na wengi huondoka wakilalamika kwamba picha za mtandaoni ni za uongo. Picha ni za kweli, mwezi ndio uliokosewa. Tena si jua peke yake linalolikausha: huko juu, upande wa jimbo la Odisha, sehemu ya maji ya Indravati hutorokea kijito cha Jora na kuishia mto mwingine, na majimbo haya mawili yamegombana juu yake kwa miaka mingi.

Kwa mama Chitrakote ni rahisi kuliko kote: sehemu ya kutazamia iko juu, karibu na maegesho, ni tambarare. Ngazi ni za kushukia kwenye mashua tu. Ukilala palepale, jioni utayaona mabasi ya watalii wa siku moja yakiondoka na asubuhi kabla hayajarudi. Bodi ya utalii ya jimbo ina hoteli yake, Dandami, karibu kabisa na maporomoko. Vyumba vya wiki ya Dussehra huisha mapema.

Tirathgarh ni kinyume chake. Iko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kanger, maji yanashuka kwa madaraja madaraja kama mita 90, na uzuri wote uko chini, baada ya ngazi zinazokaribia mia mbili au zaidi. Kushuka si shida, shida ni kupanda. Mama abaki juu kwenye mwonekano, nawe ushuke. Nyani wa pale wanafungua mifuko, kwa hiyo chakula kibaki garini.

---

MzeeWaStesheni (Dodoma)

Kuhusu njia.

Kutoka Mumbai panda ndege ya moja kwa moja hadi Raipur, makao makuu ya jimbo, chini ya saa mbili hivi. Kutoka Raipur hadi Jagdalpur ni kama kilomita 300 kwa barabara kuu namba 30: Dhamtari, Kanker, Keshkal, Kondagaon, Jagdalpur. Kwenye karatasi ni saa sita. Kinachoharibu hesabu ni mlima wa Keshkal. Zipo kona kumi na mbili za kujikunja, na lori moja la madini likikwama kwenye kona, foleni inakula saa zako. Ondoka Raipur alfajiri, upande Keshkal kabla ya adhuhuri, usiupande usiku. Chukua gari la kukodi lenye dereva kwa siku zote, maana vivutio vimetawanyika na mabasi ya vijijini hayakusubiri. Mkubaliane kabla: bei ni kwa kilomita au kwa siku, kilomita ngapi zimo, posho ya dereva anapolala nje, na nani analipa ushuru wa barabara. Andikeni.

Jagdalpur ina uwanja mdogo wa ndege, lakini safari zake ni chache na ratiba hubadilika. Usifunge ndege yako ya kurudi nyumbani kwenye safari ya asubuhi hiyohiyo kutoka pale.

Njia ya tatu ni reli, na mpenda treni asiikose: kutoka Visakhapatnam, pwani ya mashariki, kupanda milima ya Araku na Koraput hadi Jagdalpur, kisha Dantewada na Kirandul. Ilijengwa miaka ya 1960 kuteremsha chuma cha Bailadila bandarini kwenda Japani. Mahandaki na madaraja ni mengi mno, treni ya mchana inachukua siku nzima. Lakini Oktoba na Novemba ndio msimu wa vimbunga vya Ghuba ya Bengal (Hudhud kiliipiga Visakhapatnam tarehe 12 Oktoba 2014), na mvua kubwa huporomosha udongo kwenye njia. Kwa siku sita na mama, nisingeipanga. Na ukiamua Novemba, kumbuka Diwali (sikukuu ya taa) 2026 ni tarehe 8. Siku kadhaa kabla na baada yake tiketi za India nzima zimekwisha.

---

Shombe_Muscat

Bi Tabu, ukienda Dussehra usitarajie sanamu ya Ravana, jitu lililoshindwa na mungu Rama, kuchomwa moto kama Delhi. Bastar hawana habari na Rama wala Ravana. Yao ni sikukuu ya mungu wao wa kike Danteshwari, na huchukua siku 75. Huanza mwezi mwandamo wa Hareli (2026 ni karibu tarehe 12 Agosti) kwa gogo la kwanza la kujengea gari la ibada, wanaloliita rath. Inasemekana ilianzishwa na mfalme Purushottam Deo karne ya 15. Makabila na matabaka yamegawana kazi: wako wa kukata miti, wa kuunga gari, wa kusokota kamba kwa magome ya mtambaa wa msituni, wa kuvuta. Hakuna anayeingilia kazi ya mwenzake.

Kwa mgeni mwenye siku chache, tazama hivi. Mkesha wa siku tisa za Navaratri (2026 zinaanza tarehe 11 Oktoba) msichana huwekwa kwenye pembea ya miiba na kutoa idhini ya mungu sikukuu iendelee. Kijana mmoja hukaa kwenye shimo ndani ya ukumbi wa Sirhasar siku zote tisa, bila kutoka, ili mambo yaende salama. Siku za katikati gari dogo la magurudumu manne huzungushwa jioni. Ukifika tarehe 18 au 19 utawahi mapokezi ya machela ya Danteshwari kutoka Dantewada, usiku, watu wamejaa barabara nzima.

Kilele ni tarehe 20 na 21. Tarehe 20 linatoka gari kubwa la magurudumu manane, linavutwa na mamia ya watu. Usiku huo watu wa kabila la Wamadia "huliiba" na kulipeleka msitu wa Kumdakot. Kesho yake mtu wa ukoo wa kifalme huwafuata, anakula nao mchele mpya wa mavuno, kisha gari hurudishwa mjini. Siku zinazofuata hufanyika Muria Darbar, baraza ambalo wakuu wa vijiji huleta malalamiko mbele ya viongozi. Baraza hili lina mizizi katika uasi wa kabila la Wamuria wa 1876. Tarehe za miandamo huweza kusogea siku moja, kwa hiyo thibitisha na ratiba ya ofisi ya wilaya ikitoka.

Mama asikae barabarani. Gari lile ni zito, halina breki za maana, na likipinda kona kamba hufagia watu. Tafuta baraza la duka au ghorofa ya kwanza karibu na Sirhasar, ufike saa mbili kabla. Na kuna usiku wa kuchinja mbuzi, Nisha Jatra. Asiyependa damu asiende.

---

Bi_Tabu

Ahsanteni sana. Basi tumeamua sikukuu, pango tumelisamehe. Dantewada nimeona ina hekalu lenyewe la Danteshwari. Panafaa? Na bado sijajibiwa usalama.

---

kisauni254

Dantewada panafaa, ni kilomita 84 hivi kutoka Jagdalpur, hekalu liko pale mito Shankini na Dankini inapokutana, na hakuna kupanda. Wanaume hawaingii na suruali, ni lazima dhoti (shuka ya kujifunga kiunoni), na mikanda ya ngozi huachwa nje. Ninyi ni wanawake, mnahusika na viatu tu. Lakini siku ambazo machela yamehamia Jagdalpur, mambo yote makubwa yako Jagdalpur.

Njiani pitia Barsur. Huko kuna hekalu la nguzo 32 na sanamu mbili kubwa za mawe za Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, zimekaa pamoja, uwanja tambarare, watu wachache. Dholkal usimpeleke mama. Ni Ganesha wa jiwe juu kabisa ya kilima, mwendo wa msituni unaomalizikia kwa kupanda mwamba. Halafu sanamu unayoiona leo imeunganishwa vipande, kwa kuwa Januari 2017 ilisukumwa ikaanguka bondeni.

Usalama, bila kupamba. Bastar ilikuwa ngome ya waasi wa Kimao kwa miongo. Mei 2013 msafara wa wanasiasa ulishambuliwa bonde la Darbha, ambalo si mbali na Tirathgarh. Tangu hapo hali imegeuka sana, na Mei 2025 katibu mkuu wa chama chao aliuawa wilaya ya Narayanpur. Mzunguko wa Jagdalpur, Chitrakote, Kanger na Kondagaon hupokea watalii kila siku. Kinachobaki ni vijiji vya ndani vya Bijapur, Sukma, Narayanpur na msitu wa Abujhmad, ambako mabomu yaliyofukiwa ardhini hayajui kama vita vimepungua. Huko usiende, hata dereva akisema ana shemeji yake. Tembea mchana, jioni uwe umefika. Vituo vya ukaguzi ni vingi, pasipoti iwe karibu, na askari au kambi usipige picha.

Soma pia bima yako. Serikali ya Marekani, kwa mfano, imekuwa ikiwataka raia wake wasiende sehemu za India ya kati na mashariki, na baadhi ya bima hujitoa penye maonyo ya namna hiyo. Ukiona kifungu hicho, uliza kwa maandishi kama Jagdalpur imo.

---

Fundi_Nta (Bagamoyo)

Nilikuwa nasubiri suala la shaba, maana hapo ndipo watu huibiwa.

Sanamu hizo huitwa dhokra, na kitovu chake ni Kondagaon, kilomita 75 hivi kabla ya Jagdalpur ukitoka Raipur, kwa hiyo simama wakati wa kwenda au kurudi. Mafundi ni jamii ya Waghadwa. Kazi huanza na kiini cha udongo uliochanganywa na pumba za mpunga, hukaushwa kivulini. Ukikausha juani kinapasuka na shaba baadaye inajaza ufa. Kiini husuguliwa kwa majani mabichi ili nta ishike. Nta ya nyuki huchemshwa na ulimbo wa mti wa sal, ikapoa kidogo ikasukumwa kwenye tundu za kichujio, ikatoka nyuzi. Nyuzi hizo huzungushiwa kiini chote, moja kando ya nyingine, na macho, shanga na nywele hubandikwa kwa nyuzi hizohizo. Ndiyo maana dhokra ya kweli ina mistari myembamba mwili mzima.

Juu ya nta hupakwa udongo laini sana, uliochekechwa, ambao ndio unaobeba alama zote. Ukiwa na punje kubwa, uso wa sanamu unatoka na vipele. Halafu udongo mzito, na mdomo wa kuingizia. Kalibu ikiingia tanuri, nta inayeyuka na kuacha uwazi, shaba njano iliyoyeyushwa inachukua nafasi yake. Kalibu ikiwa imepoa kabla ya shaba kufika, shaba huganda njiani na utaona matundu au mkono uliokatika. Mwisho kalibu huvunjwa, basi. Hakuna kalibu ya pili, na kila kipande ni cha peke yake.

Sasa dukani. Ukiona sanamu mbili zimefanana hadi mkunjo wa kidole, hizo zimetoka kwenye kalibu ya mchanga ya kiwanda. Tafuta mshono unaopita ubavuni: dhokra haina mshono. Mistari ya nyuzi iliyofifia kama imelambwa pia ni dalili ya nakala. Na usinunue kwa uzito bila kuuliza, kwani wanyama wengi hubaki na kiini cha udongo tumboni, nawe utalipia udongo kwa bei ya shaba. Muuzaji akisema "hii ina miaka mia mbili", ama ni mwongo ama anakuuzia kesi: vitu vya kale vya zaidi ya miaka 100 haviruhusiwi kutoka India. Omba risiti yenye neno kazi ya mikono. Vipande vyenye ncha viende kwenye begi la kupakiwa.

---

Shombe_Muscat

Niongeze masoko. Kila kijiji kina siku yake ya gulio. Lohandiguda, njiani kwenda Chitrakote, ni Ijumaa, na Tokapal ni Jumatatu. Wiki ya sikukuu uliza hotelini kwanza, baadhi husogea. Watu hufika kwa miguu kutoka mbali, soko huchangamka kuanzia saa tano asubuhi na kulegea alasiri. Utauziwa chapra, chatine ya sisimizi wekundu wanaoshona majani. Hao ni ndugu kabisa wa maji moto wa mikorosho na miembe ya pwani yetu, na uchachu wake ndio uleule unaokuchoma wakikuuma. Salfi ni utomvu wa mti wa msituni wa jamii ya mnazi, tamu asubuhi na kali jioni kama tembo la mnazi. Mahua ni gongo ya maua, ipishe isiyojulikana imepikwa wapi.

Picha: omba kwanza, kwa kila mtu. Wamuria wamechoka kupigwa picha kama wanyama wa mbugani. Noti ndogo ni muhimu, kwani malipo ya simu ya kule kwa kawaida yanataka akaunti ya benki ya India.

---

MzeeWaStesheni

Mambo ya karatasi, kwa kuwa hayo ndiyo huvunja safari kabla ya Keshkal.

Visa ya mtandao huombwa kwenye tovuti ya serikali yenye mwisho wa gov.in tu. Tovuti nyingi za mawakala zinafanana nayo na kutoza mara mbili. Pasipoti iwe na miezi sita na kurasa mbili tupu. Tangu Oktoba 2025 kuna pia fomu ya kuwasili ya mtandaoni, hujazwa ndani ya saa 72 kabla ya kufika. Cheti cha homa ya manjano, chanjo ikiwa imepita siku 10, beba, hasa mkipitia Nairobi au Entebbe. Asiye nacho akitokea nchi iliyo kwenye orodha yao anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, yaani safari yako yote. Kwa mama, muulizeni daktari kama umri wake unaruhusu chanjo hiyo mara ya kwanza.

Bastar ina malaria kali, aina ileile ya falsiparamu tuliyonayo huku. Kukulia Tanga si kinga. Chandarua, dawa ya kupaka, na dawa ya kinga kwa ushauri wa daktari.

Nyumba ndogo za kulala wageni zinaweza kukukataa si kwa ubaya, bali kwa sababu mwenye nyumba hutakiwa kumwandikisha mgeni wa nje serikalini ndani ya saa 24, na wengine hawajajisajili kufanya hivyo. Kabla ya kulipa, uliza: "Mnapokea pasipoti ya Tanzania?"

Mgawanyo wa siku ningeufanya hivi: 17 ndege hadi Raipur, lala. 18 alfajiri Keshkal, simama Kondagaon, jioni Jagdalpur. 19 Tirathgarh asubuhi, jioni mapokezi ya machela kama ratiba itakubali. 20 mapumziko ya mama mchana, rath kubwa jioni. 21 kutazama rath ikirudishwa kutoka Kumdakot, kisha Chitrakote kulala. 22 ni siku ya kurudi Raipur, na ndege iwe ya 23.

---

Bi_Tabu

Mzee, hiyo 23 ni siku ya saba. Lakini tutaiba moja Mumbai. Tukiwa nayo hiyo 23 nzima Raipur, kuna cha karibu kisicho na ngazi?

---

MzeeWaStesheni

Sirpur, kando ya mto Mahanadi, kama kilomita 80 kutoka Raipur. Hekalu la Lakshmana la matofali ya kuchoma yaliyochongwa, la mwanzoni mwa karne ya 7, alilolijengesha malkia Vasata kumkumbuka mumewe. Karibu yake kuna mabaki ya nyumba za watawa wa Kibudha. Vituo vimeachana, gari liwasogeze, na kivuli ni haba, kwa hiyo muondoke saa kumi na mbili asubuhi. Surang Tila ndiyo yenye ngazi za mawe zenye mwinuko, mama aitazamie chini. Ndege iwe ya jioni, baada ya saa kumi na mbili. Na plagi zetu za pini tatu za mraba haziingii kule, nunueni kiunganishi cha pini za mviringo kabla ya kuondoka.